Usiitazame Society of the Snow peke yako

Kila nikiitaja filamu hii, swali la kwanza ni lilelile: "Ni ile ya watu waliokula watu?" Ndiyo, ni hiyo. Ila ukikaa kuitazama kwa ajili ya hilo tu, umejiandaa kwa jambo dogo, na lile kubwa litakukuta hujajifunga. Mimi iliniletea watu wangu waliokufa, hasa mmoja ambaye hatukupata kumzika, ikaniacha nao sebuleni usiku wa manane. Nimeshaitazama zaidi ya mara moja, na watu tofauti, na kwa anayetaka kuianza neno langu la kwanza ni hilo la kwenye kichwa cha habari: tafuta mtu wa kukaa naye.

Kwa ambaye hajaisikia, kisa ni cha kweli. Tarehe 12 Oktoba 1972 ndege ya Jeshi la Anga la Uruguay, safari namba 571, iliondoka Montevideo kwenda Santiago, Chile. Ilikuwa na watu 45. Wengi walikuwa vijana wa klabu ya raga ya Old Christians, na marafiki na ndugu waliowasindikiza. Hali ya hewa ikawalaza Mendoza, upande wa Argentina. Kesho yake, Ijumaa, wakaanza kuvuka milima ya Andes. Marubani wakadhani wameshaimaliza milima, wakaanza kushuka, kumbe bado wako katikati yake. Ndege ikagonga mwamba, ikapoteza mabawa na mkia, na kile kipande kilichobaki na watu ndani kikateleza juu ya theluji mpaka kikasimama kwenye bonde la barafu, zaidi ya mita 3,500 juu ya usawa wa bahari. Walikaa huko siku 72. Waliorudi nyumbani ni 16.

Mliopanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu mnakijua kituo cha Horombo, mita 3,720. Ni karibu kimo kilekile. Ila Horombo unafika na jaketi zito, mpagazi yuko mbele yako, na chai ya moto inakusubiri. Kule Andes mwezi Oktoba theluji bado imejaa, na usiku baridi inashuka hadi kama nyuzi 30 chini ya sifuri. Vijana wale walikuwa wamevaa nguo za kwenda kutembea mjini. Wengi wao walikuwa hawajawahi kukanyaga theluji maishani. Hapo ndipo mtu wa Dar anapowaelewa haraka: sisi ambao ikifika nyuzi 22 mwezi Julai tunatoa masweta, tukiwekwa pale tungeanza na ujinga uleule walioanza nao.

Filamu imeongozwa na J. A. Bayona, Mhispania, ikatoka mwaka 2023, na Januari 2024 ikaingia Netflix. Waigizaji wake wengi ni vijana wa Uruguay na Argentina ambao sura zao hukuwahi kuziona kokote, na hilo ni jema, kwa sababu huwezi kujiambia "huyu hafi, ni staa." Ilichukua tuzo 12 za Goya, ambazo ndizo kubwa za filamu Hispania, na ikateuliwa kwenye Oscar mara mbili. Marekani nao walitengeneza yao kuhusu ajali hiihii mwaka 1993, inaitwa Alive, watu wakiongea Kiingereza. Wazee wa kanda za video huenda wanaikumbuka. Si mbaya, ila ile inawapa nafasi zaidi waliopona. Hii ya Bayona imewageukia waliobaki mlimani, na ndiyo sababu inauma kwa namna nyingine kabisa.

Sasa, kuhusu lugha. Chagua sauti ya Kihispania, na maandishi ya chini uyaweke kwa lugha unayoisoma haraka. Sauti za Kiingereza zilizobandikwa juu zinaharibu kila kitu, unasikia mtu wa studio aliyeshiba anaigiza njaa. Na najua wengi wetu tumekulia kwenye filamu za kutafsiriwa, zile za kibanda umiza, msimulizi anakupigia stori juu ya picha, anamtania jambazi, anampa muigizaji wa Hong Kong jina la mtu wa Manzese. Nazipenda mno, na siku moja nitaziandikia makala yake. Lakini hii ina ukimya mwingi ndani yake, na ule ukimya ndio filamu yenyewe. Ukikuta imewekewa msimulizi anayechekesha, pita hivi.

Kama unatazama na mzee asiyesoma maandishi ya chini kwa kasi, kubali kwamba wewe ndiye mkalimani. Ina saa mbili na dakika 24, lakini kwa ukalimani hesabu saa tatu na zaidi. Simamisha, eleza, endelea. Kusimamisha huko si hasara, na nitaeleza kwa nini.

Mara ya kwanza niliitazama na mume wangu, hapa Tabata, Januari ileile, joto la kaskazi limetukaba, feni inapuliza upepo wa moto. Unawatazama watu wanapigana makofi mgongoni ili damu isigande, na wewe umejipepea na gazeti. Unaweza kudhani joto hilo linakukinga. Wala. Tulipofika karibu katikati, pale ambapo maporomoko ya theluji yanawafunika usiku wakiwa wamelala ndani ya ndege, umeme ukakatika. Ulikuwa msimu wa mgao, tulikuwa tunajua ratiba, lakini filamu ilikuwa imetusahaulisha ratiba. Giza kule, giza huku. Mume wangu, ambaye si mtu wa maneno, akasema, "Mama Junior, washa tochi." Ikawa tumekaa na mwanga wa simu, tukazungumza karibu saa nzima mpaka umeme uliporudi. Alinieleza habari za utotoni mwake Kilwa, za dhoruba na ngalawa, ambazo katika ndoa yetu yote sikuwahi kuzisikia.

Tangu hapo, hata umeme ukiwepo, mimi hukata filamu palepale. Maporomoko yale yalitokea kweli, tarehe 29 Oktoba 1972, yakaua watu wanane ambao walikuwa wameshavumilia zaidi ya wiki mbili. Ukifika hapo, simamisha. Nenda kanywe maji, toka nje, mwache mwenzako aseme alilonalo. Mtu akiipitiliza sehemu ile bila kupumua, nusu ya pili anaitazama akiwa amekufa ganzi, na ganzi hiyo ataipeleka kitandani.

Maana mwili hausubiri uambiwe kwamba hii ni filamu tu. Ukiona hatari, moyo unakimbia, viganja vinatoka jasho, misuli ya mabega inajikaza, pumzi inakuwa fupi. Homoni ya adrenalini imeshamwagika kabla akili haijakumbuka kwamba uko kwenye kochi. Njia ninayoitumia ni ya kawaida: navuta pumzi polepole, halafu naitoa kwa muda mrefu kuliko nilivyoivuta, nikirudia mpaka mabega yashuke. Pia naweka miguu chini sakafuni. Watu wengi hukunja miguu kwenye kochi wakiogopa, na mwili unaendelea kuamini kuna kitu kinakuja. Na taa moja iwake. Kutazama gizani ni kwa filamu za mapenzi.

Ajali yenyewe inakuja mapema, na ni mbaya. Viti vinang'oka na kurundikana mbele, unasikia mifupa. Hapo mtu mwenye moyo mwepesi afumbe macho, hakuna atakachokosa. Watoto wasiwepo. Nasema hivyo kwa sababu kwetu televisheni iko sebuleni na sebule ndiyo njia ya kwenda chooni, kwa hiyo kuwalaza watoto saa mbili hakutoshi. Sisi tunasubiri wawe kwa bibi yao.

Halafu lile la nyama. Mtu akikuuliza, mjibu, usimkwepe. Chakula walichokuwa nacho ndani ya ndege kilikuwa kidogo mno, chokoleti, jamu, mvinyo, kikaisha baada ya siku chache. Pale juu hakuna jani, hakuna mdudu, hakuna ndege wa angani. Walijaribu hata ngozi za mabegi. Siku zilivyokwenda wakaamua kula miili ya wenzao waliokufa, na hawakufikia uamuzi huo kwa urahisi, walibishana sana, kwa sababu walikuwa Wakatoliki waliolelewa kwenye shule ya mabruda. Kitu ambacho filamu imekiweka vizuri ni ahadi waliyopeana wakiwa bado hai: nikifa mimi, nakupa ruhusa.

Nilipoitazama na majirani, mjadala hapa ulichukua muda kuliko filamu. Jirani yangu mmoja, mwalimu wa madrasa, alikumbusha kwamba Qur'ani yenyewe, sura ya Al-Baqara aya ya 173, inamwondolea dhambi aliyelazimika bila kutamani wala kuvuka mpaka, ingawa aya inazungumzia nyamafu na nguruwe, na kuhusu maiti ya binadamu wanazuoni wamehitilafiana. Dada mmoja wa kwaya akasema yeye angekufa tu. Mumewe akamjibu, "Ungekufa ukaniacha na watoto wanne?" Chumba kikacheka, halafu kikanyamaza. Ninachokushauri ni kumruhusu kila mtu aseme, hata anayesema ovyo. Usimkosoe anayechukizwa. Usimkosoe pia anayesema yeye angekula bila kusita, ingawa huyo mara nyingi ni kijana wa chuo aliyekula chipsi mayai dakika kumi zilizopita.

Swali hilo lina kazi yake, lakini likiachiwa litakula usiku mzima, na kuna mambo mengine mle ndani ambayo yatawafaa zaidi. Kuna redio. Walikuwa na redio ndogo ya betri, wakaisikia ikitangaza kwamba serikali zimeacha kuwatafuta. Yaani unasikia kwa masikio yako ukitangazwa kuwa umekufa. Mmoja wao, Gustavo Nicolich, akawaendea wenzake akawaambia ana habari njema. Njema kwa vipi? Kwa sababu sasa wanajua watatoka kwa nguvu zao wenyewe, hakuna tena kusubiri. Sikupata kuona ujasiri wa namna hiyo kwenye filamu za risasi. Nicolich mwenyewe alikufa kwenye yale maporomoko.

Kuna na mikono yao. Walivunja karatasi za bati kutoka kwenye migongo ya viti, wakayeyushia theluji juani ili wapate maji. Walitengeneza miwani ya jua kutoka kwenye vioo vya kivuli vya chumba cha rubani, ili mwanga wa theluji usiwapofushe. Matakia wakayafunga miguuni wasizame. Mwishoni wakashona mfuko wa kulalia kwa kitambaa cha kuzuia joto walichokitoa kwenye mkia wa ndege, na huo mfuko ndio uliowawezesha Nando Parrado na Roberto Canessa kulala milimani walipoondoka kwenda kutafuta msaada. Walitembea siku kumi. Tarehe 20 Desemba wakamwona mchunga mifugo wa Kichile, Sergio Catalán, ng'ambo ya mto uliokuwa unanguruma hata sauti haifiki. Kesho yake Catalán akarudi, akafunga karatasi na kalamu kwenye jiwe, akawarushia. Parrado akaandika kwamba ametoka kwenye ndege iliyoanguka milimani. Catalán akawarushia mkate, akaenda kuita msaada. Mzee wa mifugo, mtu wa kawaida kabisa, na bila yeye hakuna hadithi.

Ninayataja haya kwa sababu mtazamaji akiwa amezama kwenye huzuni, anahitaji kushika kitu. Mtazame nani anafanya nini. Nani anayeyusha maji, nani anafunga vidonda, nani anatania. Canessa alikuwa mwanafunzi wa udaktari, baadaye akawa daktari bingwa wa moyo kwa watoto. Ukifuatilia kazi zao, hofu yako inapata mahali pa kukaa.

Na sasa nifike kwa mama mdogo, maana ndiye aliyenifanya niandike.

Mama mdogo anaishi Bukoba. Alikuja Dar kwa matibabu ya macho, akakaa kwetu. Jioni moja akaniuliza, "Mwanangu, ile filamu ya ndege mliyokuwa mnaisimulia na mumeo, nami si mnionyeshe?" Nikasita. Mjomba wangu, kaka yake wa kufuatana, alikuwamo kwenye MV Bukoba, ile meli iliyozama karibu na Mwanza asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996. Ilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 430, ikapakia wengi zaidi ya hapo, na mamia wakafa. Mjomba hakuonekana. Baadhi ya waliopatikana bila kutambuliwa walizikwa kwa pamoja Igoma, na kama yeye ni mmoja wao hakuna anayejua. Nyumbani kwao hawamzungumzii. Picha yake ipo ukutani, vumbi linafutwa, basi.

Nikamwambia, "Mama, ni ya huzuni, ni ya watu waliopotea na ndugu zao wakawa wanawatafuta." Akanijibu, "Mimi na huzuni tunajuana. Washa."

Nikawa mkalimani. Alitazama kimya, mtandio ameukunja mapajani. Jambo moja kuhusu filamu hii ambalo lazima ulijue kabla: kila mtu anapokufa, jina lake linaandikwa kwenye kioo, jina kamili na umri. Haijalishi alikuwa na nafasi kubwa au ndogo kwenye kisa. Vijana wa miaka 19, 20, 24. Yalipotokea ya kwanza mama mdogo akauliza, "Hayo maandishi ni nini?" Nikamsomea. Yakaja mengine, nikasoma. Baada ya hapo hakutaka nimweleze kitu kingine, alitaka nisome majina tu, na yeye anayarudia kwa sauti ya chini, Kihispania chake kikivunjikavunjika. Yalipofika mengi akaniambia nisimamishe.

Akaanza kumtaja mjomba. Alianza na shati. Kwamba siku ile alivaa shati la mikono mifupi la rangi ya maji ya kunde, alilonunuliwa na mama yangu, na akalalamika limembana kwapani. Kwamba alikuwa anaenda Mwanza kununua spea za baiskeli. Kwamba aliahidi kurudi na viatu vya shule vya mtoto wake. Kwamba watu wazima walienda Mwanza kutafuta, wakapanga foleni kutazama maiti, na yeye, kwa kuwa alikuwa mjamzito, akazuiwa kwenda, na mpaka leo hajui kama angekwenda angemtambua kwa lile shati. Miaka ishirini na zaidi. Alisimulia mpaka adhana ya alfajiri. Filamu tuliimalizia kesho yake mchana, na wale 16 walipookolewa alipiga vigelegele peke yake, mpaka dada wa kazi akaja kuangalia kuna nini.

Kwa hiyo ninaposema usiitazame peke yako, nakusudia pia uchague mtu ambaye ana la kusema na hajapata pa kulisemea. Kwetu msiba una turubai, una majamvi, watu wanakaa nje usiku kucha na chai ya tangawizi, na marehemu anasimuliwa, mema yake na vituko vyake. Aliyepotea majini hapati hivyo vyote kwa ukamilifu. Hakuna jeneza, hakuna siku ya kuzika, watu hawajui waje lini na waondoke lini. Filamu hii inakaliwa kama matanga, na ukiichukulia hivyo mambo mengi yanajipanga yenyewe: unapika, unaalika, huangalii saa, huharakishi mtu anayelia, na humwambii mtu "basi nyamaza."

Utakuwa msikilizaji, hilo ulijue. Mtu akianza kusimulia, zima televisheni kabisa. Usiiache imesimama na sura ya mtu aliyeganda kwenye kioo inawakodolea macho. Usimuulize maswali ya kipolisi. Mimi nilimuuliza mama mdogo kitu kimoja tu, mjomba alikuwa anacheka vipi, akaniigizia.

Usiku wa baada ya hapo huenda usilale vizuri, ni kawaida. Ndoto za baridi na za kuanguka hupita ndani ya siku chache. Ila kuna mtu ambaye haitampita: anasikia sauti za ajali akiwa macho, anaogopa kupanda basi, hali, analia bila sababu wiki zikiongezeka. Huyo asiambiwe ni filamu tu au ni mashetani. Hospitali ya Muhimbili ina idara ya afya ya akili, na hospitali za rufaa za mikoa zina wahudumu wanaojua kumsikiliza mtu wa namna hiyo. Kwenda huko ni sawa na kwenda kupima presha.

Wengine huzuni yao hugeuka kuwa tahadhari, na sidhani kama ni vibaya. Mume wangu sasa akipanda boti ya kwenda Unguja anauliza majaketi ya uokozi yako wapi kabla hajatafuta kiti. Mimi nikisafiri kwenda mkoani natuma kwenye grupu la familia jina la basi, namba zake na saa tuliyotoka stendi ya Mbezi. Watoto wamekariri 114 ya zimamoto na uokoaji na 112 ya polisi. Mwanzoni walinicheka nyumbani, siku hizi nikichelewa kutuma wananipigia.

Na msije mkadhani mambo haya ni ya Wazungu na theluji yao. Novemba 2015 wachimbaji wadogo watano walitolewa hai kwenye mgodi wa Nyangalata, Kahama, baada ya siku 41 chini ya ardhi, wakiishi kwa mizizi na wadudu na maji ya mgodini. Siku 41! Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara na kuua zaidi ya watu 220, na siku mbili baadaye fundi wake mmoja akakutwa hai ndani, kwenye sehemu iliyobaki na hewa. Visa hivi viliwahi kujaza magazeti wiki nzima, kisha vikazimika. Natamani vijana wetu wa filamu wawatafute waliopona wangali hai, wawasikilize kwa heshima, na wasikimbilie kuwawekea mapenzi na bunduki. Bayona na wenzake waliongea na manusura na familia za waliokufa kwa saa nyingi kabla ya kupiga picha. Mmoja wa manusura wenyewe, Carlitos Páez, anaonekana kwenye filamu akiigiza kama baba yake, akisoma redioni majina ya waliopona, na jina lake mwenyewe likiwamo. Mtu asiyejua ataipita sehemu hiyo bila kushtuka, kwa hiyo mwambie mwenzako mapema. Kuhusu msimulizi wa filamu, yule kijana ambaye sauti yake inakuongoza tangu mwanzo, mimi sikuambii kitu, na wewe usiende kumtafuta kwenye simu kabla hujamaliza.

Nani aiache kwanza? Mwenye msiba mbichi, ambaye arobaini haijafika au aliye kwenye eda. Mwenye mimba ambaye tayari halali vizuri. Mtu aliyenusurika ajali na bado anatetemeka akisikia breki, huyo mpaka yeye mwenyewe aombe. Na anayesafiri kwa ndege wiki hiyo, jamani, aitazame akishatua. Mdogo wangu aliitazama kwenye simu akiwa uwanja wa ndege anasubiri kupanda kwenda Mbeya. Alipanda, ndiyo, ila jirani yake wa kiti alisimulia familia nzima habari zake pale Songwe.

Kwa wengine wote: Jumamosi, anzeni saa kumi na mbili jioni, si saa nne usiku. Pikeni kabla, kitu chepesi, na nyama iachwe kwa siku hiyo, utanielewa. Bando liwe la kutosha, au ishusheni mapema kwenye simu ili mtandao usiwakatie katikati ya mlima. Kesho yake isiwe na kazi ya asubuhi. Na kama kuna mzee nyumbani mwenye picha ukutani ambayo haizungumzwi, muulizeni kama angependa kukaa nanyi, akikataa msimlazimishe.